Jibu la Jana Dukani kwa Mama Shirima

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka hata nikiwa juu ya mswala, na kila ikinijia nainamisha uso.

Nilikuwa fundi katika kampuni ndogo ya intaneti pale Mchafukoge. Mteja wetu mmoja, Mama Shirima, aliuza vitenge vya jumla Kariakoo. Kijana aitwaye Jitu, ambaye baba yake aliuza vyombo mtaa wa pili, alikuwa amemhamishia tovuti kwenye seva mpya, kompyuta inayotunza tovuti. Asubuhi hiyo dukani kila aliyeifungua alikuta ile ya zamani, yenye bei za zamani. Nikaitwa.

Nikakaa kwenye kompyuta ya duka, nikaiuliza mashine ya kampuni yetu anwani ya tovuti. Likaja jibu: anwani ya seva ya zamani. Nikarudia, likaja lilelile. Duka limejaa wateja.

"Mama, umepigwa," nikasema kwa sauti. "Huyu hajahamisha kitu."

"Kaka, nimehamisha jana," akasema Jitu, aliyekuwa amesimama kando. "Mungu anaona."

"Labda umehamisha maneno!"

Watu wakacheka. Mama Shirima akamtazama Jitu: "Baba, kazi yangu iache. Na hapa dukani usinikanyagie tena."

Nikarudi ofisini kifua mbele. Bi Zuhura, mkuu wetu wa mafundi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Jibu umelipata kwa nani?"

"Kwa mashine yetu, Bi Zuhura."

Mashine hiyo, mwanangu, huiuliza kwanza seva inayomiliki jina la tovuti, kisha hulihifadhi jibu kwa muda ili isisumbuke tena. Muda usipoisha, hutoa lilelile, hata kama mambo yamebadilika.

"Uliporudia kuuliza, muda uliobaki ulikuwa umepungua?"

Ulikuwa umepungua. Niliuona kwenye skrini, nikaupuuza. Ndiyo dalili ya jibu lililotoka kwenye kumbukumbu. Akaiuliza seva yenyewe inayomiliki jina, ikajibu: anwani mpya. Jitu alisema kweli.

"Nawe umesoma madrasa," akasema polepole. "Hadithi ya Mtume huwa mnaipokea tu, bila kuuliza imepitia kwa nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaifuta kumbukumbu ya mashine, tovuti mpya ikafunguka. Nikashika simu nimwombe Jitu radhi kimyakimya.

"Weka simu," akasema Bi Zuhura. "Ulimchafua dukani, kamsafishie dukani."

Nikaenda, Jitu akaitwa, nikasema kosa langu mbele ya wote. Alinipa mkono, na Mama Shirima akamrudishia kazi. Lakini wateja wa asubuhi walishatawanyika na neno langu, huyu Buguruni, yule mkoani. Mashine niliisafisha kwa amri moja. Wale sikuwajua hata majina.

Basi ukipewa jibu, uliza limetoka kwa nani, na ni la lini. Mfikie mwenye habari kabla hujamtaja mtu. Na ukimkosea mtu hadharani, mwombe radhi hapohapo, waliosikia wangali wamesimama.

Namshukuru Mola kwamba nilikemewa mapema. Nawe akujaalie ulimi wenye subira, na asikukoseshe mtu wa kukuuliza: umelipata kwa nani? Amin.