Goti Lililopona Ijumaa

Mtu akiniuliza kama naamini miujiza, kwanza namuuliza anasema ya siku gani. Goti langu lilipona Ijumaa, na Jumamosi nikalihitaji lingali bovu.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa mlinzi katika ghala la vipuri vya magari, Ras Al Khor, Dubai. Tangu hapo nimezunguka sana, na kila mji nimeuacha kabla sijaujua vizuri, lakini hadi leo nikinusa matairi mapya naliona lile geti, na moyo unataka kurudi. Sijui unataka kurudia nini. Getini tulikuwa wawili kila zamu. Mmoja alisimama juani akifungua na kufunga. Mwingine aliketi kwenye kiti ndani ya kibanda chenye kiyoyozi, akiandika namba za malori. Tulipokezana kiti hicho kwa haki, mpaka siku niliyoteleza kwenye oili iliyomwagika nikaangukia goti. Daktari akaandika barua: nisisimame kwa muda mrefu, wiki nane. Kiti kikawa changu.

Mwenzangu wa zamu, Mtanzania wa Tanga, alibaki na jua. Hakulalamika. Aliniulizia tu hali ya goti kila asubuhi, kwa upole uliozidi siku hadi siku, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa mwenye mali.

Supavaiza wetu alikuwa Mkenya wa bara kama mimi, tena ameokoka. Siku sita za wiki nilimwita sir. Ijumaa, siku ya mapumziko, nilimwita ndugu, kwa sababu tulisali pamoja katika ukumbi wa hoteli tuliokodi Al Rigga. Huko aliimba besi kwenye kwaya. Kazini alikuwa mtu wa ushahidi. Ukisema tumbo linauma, alitaka barua. Ukileta barua, aliuinua muhuri kwenye mwanga na kuukagua.

Wiki ya tatu ya goti langu alikuja mhubiri mgeni. Baada ya nyimbo akafumba macho, akasema anaona mtu mwenye maumivu ya goti la kushoto. Langu lilikuwa la kulia. Nikangoja mwenye la kushoto ajitokeze. Hakutokea. Mhubiri akarudia, jasho likimtiririka, na ukumbi wote ukaanza kugeuza shingo. Nikaona ni aibu kumwacha mtumishi wa Mungu amesimama vile. Isitoshe, yeye alikuwa ametuelekea sisi, na kushoto kwake ni kulia kwetu. Nikaenda.

Aliposhika goti nilisikia joto, ingawa Dubai mwezi wa saba joto si ushahidi wa chochote. Akaniambia nitembee. Nikatembea. Akaniambia nikimbie. Nikaukimbia ule ukumbi mara tatu, akina dada wakipiga vigelegele, na naapa sikusikia maumivu yoyote. Nilichukua kipaza sauti nikashuhudia kwa urefu ambao sasa naujutia.

Jumamosi nilipofika kazini, Mtanga alikuwa ameketi kibandani, kalamu mkononi.

Kufikia saa nne goti lilikuwa linagonga kama injini iliyoishiwa oili. Nilimwendea supavaiza, nikamwambia, "Sir, goti linauma."

Akaniita ndugu, pale pale kazini, nikajua mambo yameharibika. "Ndugu, Ijumaa ulikimbia mara tatu. Nilihesabu. Sasa nimwamini nani, wewe wa Ijumaa au wewe wa Jumamosi?"

"Wa Jumamosi ana barua ya daktari."

"Wa Ijumaa ana mashahidi ukumbi mzima."

Kisha akaniwekea sharti, bila ukali, kama anayenielekeza jinsi ya kujaza fomu. Ijumaa inayofuata nisimame mbele ya watu walewale niseme goti halijapona. Nikisema hivyo, kiti kitarudi. Yeye hawezi kuwa na mlinzi aliyepona kanisani na mgonjwa getini.

Nikasimama juani wiki nzima. Goti likavimba kama boga. Mtanga alinipa pole kupitia dirisha la kibanda, akilifungua kidogo tu ili baridi isitoke. "Mimi, kaka, hata nikiumwa vipi siombewi mpaka mkataba uishe," akasema.

Alhamisi nilikuwa nimekwisha kuamua. Katika bafu la fleti yetu ya Al Baraha nilifanya mazoezi ya maneno yenyewe mbele ya kioo, mpaka wenzangu waliokuwa foleni wakagonga mlango. Maneno yalikuwa machache: ndugu zangu, goti bado.

Ijumaa nikaketi karibu na mbele. Kabla sijainuka, akainuka dada mmoja, mfanyakazi wa ndani, ambaye sikuwa nimewahi hata kumsalimu. Alisema mama yake alikuwa mgonjwa nyumbani, na kwa miezi minne alikuwa akiogopa kumwomba madam ruhusa ya kusafiri. Ijumaa iliyopita alimwona mtu aliyeingia akichechemea akikimbia kama mtoto. Akajiambia, aliyeliona goti lile ananiona na mimi. Jumapili akamwomba madam, na madam akakubali. Anasafiri Jumatano. Akaomba yule ndugu asimame watu wamwone.

Nikasimama. Kiongozi wa ibada akaniuliza naendeleaje. Supavaiza, kwenye kwaya, alifunga kitabu cha nyimbo akanikazia macho. Yule dada alikuwa analia na kucheka.

"Nimesimama wiki nzima," nikasema.

Makofi yakapasua ukumbi. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na kiti nilikuwa nimekipoteza. Ibada ilipokwisha nilitembea hadi mlangoni bila kuchechemea, nikitabasamu kwa meno yote, na kila hatua nilihisi macho ya supavaiza kwenye suruali yangu, upande wa kulia.

Kesho yake, nje ya geti, ukutani penye kivuli, nilikuta kiti cha gari. Kilikuwa cha dereva, kizima, mkanda wake ukiwa bado unaning'inia. Mtanga akaniambia supavaiza amekitoa ghalani mwenyewe alfajiri, amekibeba begani. Nikamfuata kumshukuru. Alikuwa anatazama lori lisilokuwa na lolote la kutazamwa.

"Sijakupa kiti," akasema. "Wewe umepona. Hicho ni kipuri kinachongoja mnunuzi, na kazi ya mlinzi ni kulinda."

Nikakilinda wiki zote zilizobaki kwenye barua ya daktari, nimekiegemea, kimelazwa nyuma kidogo. Yule dada alisafiri. Habari zilizotufikia ni kwamba alimkuta mama yake shambani anapalilia, na hiyo nayo hadi leo sijui niiweke upande gani.

Siku moja arbab, mwenye ghala, akapita. Akasimamisha gari, akanitazama nilivyoketi pale ukutani nimenyoosha mguu, mkanda nimeufunga kwa mazoea. Akamuuliza supavaiza gari lenyewe liko wapi.

Supavaiza, mtu wa barua na mihuri, hakupepesa jicho.

"Linakuja, sir," akasema. "Inshallah."