Miguu ya Mama Baada ya Eda

Mama alipotoka eda kwangu Tanga mjini, miguu ilikuwa imelegea. Kabla ya eda alimuuguza baba muda mrefu, jua akiliona dirishani tu. Sasa hakuweza kuinuka mkekani mpaka avutwe mkono. Hospitali walimpima damu, wakasema vitamini D imepungua, wakampa vidonge. Yeye aliuliza jambo moja: "Kwangu Pangani narudi lini?"

"Ukiweza kuinuka mwenyewe," nikamjibu. Kule angeishi peke yake.

Mama mdogo, aliyekuja kumuuguza, akacheka. "Jua lote hili la Tanga, leo linauzwa kwenye kichupa!"

Nikaeleza taratibu. Jua husaidia likigusa ngozi, na dada yake alikuwa ndani. Kidonge hurudisha kilichopungua. Msuli haukui kwa kumeza tu, na kuzidisha vidonge kuna madhara. Msuli hutaka kazi, na chakula: samaki, kunde, mayai. Nikamwonyesha Mama namna ya kuinuka kitini na kukaa, polepole, bila kushika kitu.

Nikitoka kwenda kazini, yote huharibika. Maji analetewa, sahani analetewa, hata kanga anafungiwa. Jioni namkuta kwenye mito kama biarusi.

"Mama mdogo, mwache achukue mwenyewe."

"Nimwache dada yangu ahangaike, watu waninene?"

Mama naye hunituliza: "Kidonge nimemeza, mwanangu. Kiache kifanye kazi yake."

Nilieleza mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe.

Kilichomwinua ni wali. Siku moja alionja, akasukuma sahani. "Hili ni tui au maji ya mchele? Nileteeni mbuzi!"

Akakalia ile mbuzi, kigoda chake kifupi, akakuna nazi mbili. Kuinuka sasa. Mama mdogo akanyoosha mkono amvute, nikaushika kumzuia. Mama akajaribu, akarudi chini, akanitazama kwa hasira. Akashika ukuta, akajaribu tena. Akasimama, mapaja yakitetemeka.

Tangu hapo nazi ya nyumba ile haikukunwa na mtu mwingine. Wiki zikapita, ukuta akaacha kuushika.

Asubuhi ya safari ya Pangani, mama mdogo alimfungia mzigo, akaninong'oneza: "Vidonge vile vina nguvu, asikwambie mtu! Nami ninunulie, magoti yananiuma."

Nikavuta pumzi. "Kaa hapo, mama mdogo," nikamwambia. Kisha nikaona nimekosea. "Hapana. Simama."