Gari Letu Lilipochuchumaa

Miaka ile magari ya mitumba yalipoanza kuingia kwa wingi kutoka Japani kupitia Dubai, mume wangu naye akapata lake: saluni nyeupe, safi, yenye redio isiyoshika stesheni yoyote ya kwetu. Tulikuwa tunakaa Kibamba, ndani kidogo ya Barabara ya Morogoro. Kutoka lami mpaka mlangoni kwetu kulikuwa na njia ambayo mvua iliichimba ilivyopenda.

Mwezi wa kwanza alifurahi. Wa pili akaanza kusema gari limesimama vibaya, kama limekanyaga kitu kichafu. Alikuwa ameona gari la bosi wake huko Mbezi Beach, limekaa chini hadi bodi imefunika nusu ya tairi. Tangu hapo, akirudi kazini, hakuingia ndani moja kwa moja. Alilizunguka gari lake, akachutama, akapima kwa kiganja nafasi iliyobaki juu ya tairi, kisha akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa.

Mshauri wake alikuwa shemeji yangu, mdogo wake, aliyekuwa akikaa nasi huku anatafuta kazi. Shemeji hakuwa na gari wala leseni, ila alikuwa na magazeti ya magari ya Ulaya, ya zamani, na aliyajua kwa moyo. Jioni walikaa barazani wakijadili. Wakate springi zilizopo? Watafute springi fupi za mtumba? Au waweke springi fupi pamoja na shokapu ngumu, njia ambayo shemeji alisema ndiyo ya watu waliostaarabika?

Mie nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila asubuhi gari lile lilinipeleka kazini, kwa hiyo nami nikatoa wazo. Nilisema lipandishwe. Mafundi walikuwa wanaweka spesa, vipande vya mpira mgumu juu ya springi, na gari linainuka.

Mume wangu akaniangalia kwa huruma. "Mama watoto, gari likiwa chini linashika barabara."

"Barabara ipi?"

"Shemeji, ngoja uingie kwenye kona na spidi mia na ishirini," mdogo wake akadakia. "Utaona tofauti."

Kona niliyoijua mie ni ile ya mashine ya kusaga, na pale hata mbuzi walipunguza mwendo. Lakini nilikuwa mmoja, wao wawili.

Wakaweka springi fupi na shokapu ngumu. Jumamosi wakirudi kutoka gereji, nilisikia mkwaruzo kabla sijaliona gari. Shemeji alikuwa mbele kwa miguu, ameinama, anaelekeza kwa mikono yote miwili kama anaegesha ndege. Mume wangu alikuwa nyuma ya usukani, jasho linamtoka. Nikasema limependeza, na kweli lilikuwa limependeza.

Kuanzia Jumatatu tukawa na utaratibu mpya. Tukifika kwenye korongo la kwanza lililochimbwa na mvua, mume wangu alisema, "Teremkeni." Mie na watoto tulishuka na mikoba yetu, tukatembea, gari likavuka tupu, tukapanda tena. Korongo la pili, hivyo hivyo. Tulifika lamini viatu vina tope, tunahema.

"Mwalimu, gari limeharibika?" jirani mmoja aliniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Limetengenezwa."

Sifa zake zikaenea. Mama mmoja tuliyesali naye akaja kuliomba kwa ajili ya harusi ya binti yake. Nilijaribu kumweleza hali ya njia ya kanisani. "Mwanangu, usihofu," akasema, "bibi harusi mwenyewe ni mwembamba." Mume wangu alikuwa ameshakubali, tena ameshaanza kulipiga rangi ya viatu kwenye matairi.

Siku ya harusi, mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake. Mie nilikaa mbele na maua, bibi harusi na mpambe wake nyuma, na nyuma yetu pikapu ya matarumbeta na mashangazi. Tulipofika kwenye korongo la kwanza, mume wangu akakohoa.

"Bibi harusi, samahani. Naomba mshuke kidogo."

Yule binti akanitazama. "Sote?"

"Sote," nikasema.

Wapiga matarumbeta walipomwona anashuka, wakadhani tumefika, wakaanza wimbo wa kuingia kanisani. Watu wakatoka majumbani. Mashangazi wakaruka chini, wakainua gauni, wengine wakatandika khanga kwenye tope. Korongo la pili, ikawa vile vile. La tatu, bibi harusi akavua viatu. "Mie natembea," akasema, na hakupanda tena. Akaenda kwa miguu mpaka kanisani, matarumbeta yakimfuata. Nyuma kabisa alikuwa mume wangu katika gari tupu lenye maua na riboni, akiendesha polepole kama mtu aliyefukuzwa msibani.

Mlangoni shangazi wa bwana harusi alimsogelea. Mume wangu akamwamkia shikamoo kabla hajaulizwa kitu.

"Marahaba. Hii ya kutembea ndiyo mtindo wa siku hizi?"

"Ndiyo, mama. Bibi harusi anatangulia, gari linamsindikiza."

Shangazi akafikiri. "Imependeza," akasema.

Wiki iliyofuata mume wangu alirudisha springi za zamani, akaongeza na spesa. Shemeji alinuna siku nzima, kisha akatangaza kwamba hivyo ndivyo yanavyokaa magari ya mashindano ya safari ndefu.

Baadaye kidogo mfanyabiashara mmoja wa mtaani alimwoza binti yake. Gari lao lilikuwa refu, la kupanda milima, na siku hiyo njia ilikuwa kavu. Hata hivyo, kanisa lilipoanza kuonekana, gari lilisimama. Bibi harusi akashuka, mashangazi wakainua gauni ambalo halikuwa na pa kuchafukia, wakatandika khanga kwenye vumbi, na msafara ukaenda kwa miguu, gari tupu likifuata nyuma.

Mume wangu alisimama kando yangu, amefunga mikono kifuani.

"Wameiga," akasema.