Bunduki Nyepesi ya Yaya

Yaya, kaka yangu mkubwa, alitaka bunduki nyepesi ya kuwindia, ile ya kukoki kwa mkono, maana bega lake liliharibikia kwenye mashimo ya madini. Muuzaji mmoja wa Kikula akaapa kwamba yake haifiki kilo tatu. Ili asitudanganye, tukaipima kwenye mizani ya mnunuzi wa madini. Kweli, haikufika. Tukainunua tukicheka.

Siku ya kwanza porini, kabla ya saa sita, bega la yaya lilikuwa limevimba. "Beba weye," akaniambia bila kunitazama. Nilipoiinua, nikaelewa.

Miaka yote mizani ile ilipunguza kilo za mawe yetu. Tulijua. Tuliilaani kila tulipotoka pale. Na siku tuliyotaka ukweli, tuliufuata kwake.