Kiungio Kisichoingia kwa Jirani

Nakumbuka siku moja pale Gerezani, mtaa wa mafundi, mwanangu, na karatasi hii uliyoniletea ndiyo imenitonesha kidonda. Umepewa kiti cha manunuzi jeshini juzi tu, tayari unaandika pampu ziwe "za vipimo vyetu wenyewe". Vyetu na nani? Hebu niweke kikombe chini nisije nikamwaga chai.

Nilikuwa karani wa stoo kambini, sare imenyooka pasi, kichwa kimevimba. Boza letu, lori la kubebea maji, lilihitaji viungio vipya vya kuungia mipira ya maji. Viwanda vilikuwa na kipimo kimoja, mji mzima ukikitumia, zimamoto wakiwemo. Mimi nikachora changu. Nilitaka mkubwa wangu aone nina akili.

Nikaupeleka mchoro kwa mzee Sudi, fundi wa kukereza vyuma karibu na reli. Alikuwa na desturi moja ya kuudhi: hakukabidhi kitu mpaka akijaribishe kwenye kitu cha karakana ya jirani. Kisipoingia, hakitoki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki ulichochora kitaingia wapi?"

"Kwetu. Vitu vya jeshi havifanani na vya raia."

Akanitazama weee. "Moto hauulizi kitambulisho, kijana. Chukua kipimo cha viwandani, wenzako wameshakihangaikia miaka. Mimi hiki sikerezi."

Nikaona ananichelewesha. Nikaenda kwa fundi mwingine, ambaye hakuniuliza lolote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Basi, guu lililovunjika halikuwa langu.

Miezi ikapita. Adhuhuri moja tulikuwa Gerezani na boza, tumelileta kutengeneza breki, tangi limejaa, tukasikia watu wanapiga kelele za moto. Ilikuwa karakana ya mzee Sudi. Zimamoto waliwahi, ila maji yao yakawaishia. Yetu yalikuwa hatua chache tu. Mpira wetu mfupi haukufika, wao walikuwa na mrefu. Nikaukimbiza hadi kwenye boza, nikazungusha, nikabadilisha mkono, nikazungusha tena. Meno ya kiungio changu yakakataa kushikana na ya mpira wao. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka; yangu ilikuwa mkononi, na nyoka akapita. Tukabaki kuchota kwa ndoo, na mashine aliyosomeshea watoto wake sita ikaungua anaiona.

Moto ulipozimika akaja, akanyoosha mkono, nikampa kiungio. Akakijaribisha kwenye mpira wa zimamoto, polepole, vilevile kama siku zote. Hakikuingia. Akanirudishia bila neno, akaondoka. Hakukereza tena mpaka anakufa, na mimi aibu ile sijaimaliza.

Sasa nisikilize, na usinijibu kwamba dunia imebadilika, baba. Wenye viwanda wakishakubaliana kipimo kizuri, kitumie. Chako kiandike pale tu chao hakifai, na useme wazi kwa nini. Kujitenga si ulinzi, mwanangu. Ni kiburi kilichovaa sare, nami nilikivaa. Kabla hujatia sahihi, teremka Gerezani ukawaulize mafundi: hiki kitaingia kwa jirani?

Haya, chukua karatasi yako ukaiandike upya. Mungu akupe sikio linalosikia kabla ya moshi, na akuepushe na mzee wa kukurudishia kazi ya mikono yako bila kusema kitu.