Neno la Kushukia

Siku za kazi nashona sare za shule Kitengela. Jumamosi nawafunga watoto wa watu kamba na kuwapandisha mwamba ulio nje kidogo ya mji wa Kajiado, kwenye shamba la mama mmoja mfugaji ambaye hadi leo anaamini tumekosa kazi. "Mbuzi hupanda hapo kwa sababu juu kuna majani," aliniambia siku ya kwanza. "Nyinyi mnafuata nini?" Nikamjibu kwamba vijana wanafuata uvumilivu. Alinitazama kwa huruma, akatupa ruhusa.

Sheria yangu ni moja. Aliye juu akisema "nishushe", anashushwa saa hiyo hiyo, bila mjadala wala kubembelezwa. Asiposema, hashushwi. Mtoto mwenye hakika kwamba atashushwa ndiye huthubutu kujaribu tena. Wazazi huniambia sheria hiyo inalea wavivu. Wazazi hao, niwajuavyo, hungoja lifti hata kwenda ghorofa ya kwanza.

Kati ya vijana wangu kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akishindwa mahali pamoja, pale mwamba unapotokeza nje kama tumbo. Alishindwa, akashushwa, akarudi, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilimpenda kuliko wengine wote, ingawa kocha hatakiwi kusema hivyo. Baba yake, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakuwahi kufika. Sasa alikuwa ameamua: alama za hesabu zimeshuka, Jumamosi ni za tuisheni. Binti alimwomba aje amwone mara moja tu kabla ya kumwondoa, naye akakubali. Basi siku hiyo mtoto alikuwa akipigania Jumamosi zake.

Kosa langu lilikuwa kutangaza jambo hilo kwenye grupu ya wazazi. Kwetu jambo likishatangazwa, huundiwa kamati. Kamati ikazaa mwenyekiti, mwenyekiti akazaa ratiba, ratiba ikazaa mgeni wa heshima. Na kwa kuwa baba wa msichana ndiye aliyetoa hema, mgeni wa heshima akawa yeye.

Nilitaka tuanze mapema, mwamba ukiwa bado baridi, kwa sababu jua likishauchoma, vidole hutoa jasho na kuteleza. Wazazi walikuja na viti vya plastiki, sufuria za pilau na spika mbili. Pakawa na maombi ya kufungua, kisha utambulisho wa wageni, kisha utambulisho wa waliowatambulisha wageni. Mgeni wa heshima alisimama na tai yake, akatuhutubia juu ya uvumilivu. Alisema kizazi hiki kimekosa subira, hutaka vitu vya haraka haraka. Kizazi chenyewe kilikuwa kimekaa mbele yake na kofia za kupandia kichwani, kikimsubiri amalize. Jua lilikuwa likipanda vizuri kuliko sisi sote.

Msichana alipogusa mwamba, aliondoa mkono haraka. Ulikuwa umepata moto. Hata hivyo alipanda, na alipanda vizuri, mguu kwanza, mkono baadaye, jinsi nilivyomfundisha. Akafika kwenye lile tumbo, akanyoosha mkono, akashika, akateleza, akabaki ananing'inia kwenye kamba. Alijaribu tena. Chini ya hema wazazi wakainuka na soda zao. "Usiachilie! Vumilia! Mungu ako na wewe!" Sijawahi kuona watu wakivumilia kwa nguvu namna ile wakiwa kivulini.

"Nishushe," alisema.

Nikamshusha. Baba yake akanijia.

"Madam, mbona umemshusha?"

"Amesema nishushe."

"Na akisema anataka kuacha shule, pia utamwachisha? Huyu msichana alikuwa amebakisha kidogo tu. Mvumilivu hula mbivu!"

"Ndio, mzee. Lakini na wewe ungeonja."

Kwa kweli nilikuwa nimekasirika. Nilidhani atanifokea. Badala yake alivua koti, akalegeza tai. "Nipatie hiyo mishipi. Na anishikie kamba huyu msichana mwenyewe, si anasema anajua."

Nilimfunga barabara. Binti, kwa kuwa alikuwa mwepesi kuliko yeye, nilimfungia kwenye shina la mgunga ili asinyanyuliwe, kisha nikashika mkia wa kamba nyuma yake. Wazazi wakapiga makofi. Baba akaanza kupanda kwa nguvu za mikono tu, kama anayepakua saruji kwenye lori, na miguu ikimfuata kwa shingo upande. Kwa muda mfupi ilipendeza. Halafu, mbali sana chini ya lile tumbo, mikono ikaisha nguvu. Akaukumbatia mwamba.

"Napumzika," alitangaza.

Tukangoja. Mkuki kwa nguruwe, nikawaza, na nakiri nilifurahi. Ningemwacha hapo mpaka pilau iishe. Lakini mgeni wa heshima hawezi kuomba kushushwa mbele ya kamati, tena na mtoto wake. Akageuza shingo kidogo, akaanza kumshukuru mwenyekiti kwa maandalizi mazuri. Akawashukuru akina mama waliopika. Akatafuta mwingine wa kumshukuru, akakosa.

Nilimtazama msichana. Hakuwa anacheka. Kamba ilikuwa imekaza mikononi mwake, jasho likimwingia machoni, naye hakulipangusa.

"Baba, niko hapa," alisema. "Siachilii."

Kisha mzee akasema, kwa sauti ambayo hata spika mbili zisingeisaidia kufika hemani, "Maitu, nishushe."

Maitu, kwa Kikuyu, ni "mama yangu". Kwao binti wa kwanza hurithi jina la nyanya mzaa baba, na baba humwita hivyo anapompenda. Siku hiyo nzima nilikuwa nimemsikia akimwita "huyu msichana".

Binti alimshusha polepole kabisa, akimwambia kila mara aweke wapi mguu. Baba alipofika chini aliketi mchangani na suruali yake nzuri. Mwenyekiti alimletea maikrofoni, akaisukuma kando. Aliomba kuona mikono ya binti yake. Ilikuwa na sugu kwenye vidole na ngozi imebambuka viganjani.

"Pale wewe hushindwa," aliuliza, "ni pale mimi nimeshindwa?"

Msichana alisita. Ni mtoto mwenye adabu. "Ni juu zaidi, Baba."

"Juu kidogo?"

"Juu sana."

Akainua macho, akautazama mwamba kuanzia chini, polepole, mpaka kwenye lile tumbo. "Na unashindwa kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Na bado unarudi."

Hakuwa akiuliza. Mimi machozi yalinitoka waziwazi, nikayaacha yatoke. Mzee aliinuka, akajipangusa vumbi, akamsaidia binti kufungua kamba kutoka kwenye mti.

"Hizo hesabu," alisema, "tutaangalia Jumapili, tukitoka kanisa."