Firigisi ya Krismasi Nyakitonto

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la nne, nikaanza na debe moja la maharage sokoni Kibondo. Leo nina malori mawili, mashine ya kukoboa na nyumba ya wageni Kasulu mjini. Nimeibiwa, nimepinduka na gari, nimeshtakiwa na watu niliowapa kazi mwenyewe. Sijapepesa jicho.

Baba alipofariki, Krismasi ya kwanza kila mtu alikula kwake. Ya pili nikasema hapana. Mila ya mzee haiwezi kufa mimi nipo na hela ninayo.

Mila yenyewe ilikuwa hivi. Tukitoka kanisani baba anachinja jogoo wake, mama anapika, na firigisi analetewa baba peke yake kwenye kisahani. Anaikata katikati. Nusu anakula, nusu anampa mtoto aliyekuwa mtu mwaka ule, na sisi tumejipanga mbele yake, mikono tumekinga. Mimi sikupewa hata mara moja. Alikuwa akipewa mdogo wangu, huyu aliyebaki Nyakitonto kulima mihogo na kukaa na mama. Mimi baba aliniambia, "Wewe kakinge mvua huko nje." Safari hii kisu kingekuwa mkononi mwangu.

Nikafika na kreti za soda, mchele, na kuku kumi na wawili wa kisasa kutoka mjini, wamenyonyolewa, wamelala kwenye barafu. Dada yetu aliyeolewa Muyama akamnyanyua mmoja kwa mguu.

"Kaka, hawa kuku au watoto njiti?"

Mama akapasua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaweka kisu chini.

"Mwanangu, hawa hawana kitu ndani."

"Hawana vipi?"

"Wametolewa. Firigisi umewaachia waliokuuzia."

Ningejuaje? Mimi sipiki, napikiwa. Lakini dada alishacheka mpaka akashika ukuta.

Uani palikuwa na jogoo mmoja tu, mwekundu, wa mdogo wangu. Nikamwambia achinje.

"Huyo ni wa mbegu, kaka."

"Taja bei. Usiogope, najua noti hujazizoea. Hata hilo gauni la mkeo limetoka mfukoni mwangu."

Mkewe akaingia ndani, akafunga mlango. Mdogo wangu akavuta kigoda, akakaa, akataja bei. Nikacheka. Nikampa bei ya sokoni. Akapandisha.

"Kila ukicheka inapanda, bosi."

Nikasema laki moja.

"Rudi kwa wenye barafu."

Wakulima wote huku wananijua. Bei naitaja mimi, wao wanafungua magunia. Siku hiyo nilikuwa nimesimama kwenye kinyesi cha kuku na viatu vya ngozi, dada anaitangaza kila bei kwa sauti kama yuko mnadani, na mama hakunitetea. Alisema tu, "Malizaneni, moto unazimika."

Nikalipa. Jogoo akachinjwa, akapikwa, firigisi ikaletwa mbele yangu. Nikaikata katikati, nikainua nusu kwa ncha ya kisu, nikauliza, "Haya, nani amekuwa mtu mwaka huu?"

Hakuna aliyekinga. Hata wale wadogo walioletwa na dada, wasiojua kitu, walitazama sahani zao. Mdogo wangu alikuwa anatafuna kuku wangu wa barafu, anatema mifupa chini.

Mama akajifuta mikono kwenye kanga. "Baba yenu alikula firigisi ya jogoo wake. Hiyo ni ya jogoo wa mdogo wako. Mpe mwenyewe, au kula unyamaze."

Nikala. Nusu zote mbili, polepole, nikiwatazama mmoja mmoja. Ilikuwa ngumu kama kandambili, nikaimeza hivyohivyo. Na mwaka huu nawaita tena, wapende wasipende, wa kukaa kile kiti ni mimi. Wale wanaopita sokoni Kasulu wakisema nilinunua kuku kwa milioni ni waongo, na wengine nawadai. Nililipa shilingi laki tatu na elfu sabini na tano.